Sanduku Ambalo Nyatichi Hakulisoma

Mjinga wa siku ile alikuwa Alfayo Owino, na tuseme mapema kabla hajapata wa kumtetea. Alisimama katikati ya soko la Sotik, helmeti kichwani, soksi zimevutwa hadi magotini, viatu vimeshiba tope jekundu, akamnyooshea kidole msichana asiyemjua.

"Wewe! Hizo karatasi ni mali ya kampuni!"

Msichana alikuwa amechuchumaa mbele ya Nyanchoka, mama wa njugu. Alivaa gauni la samawati lenye kola nyeupe, na viatu vyake vya turubai alikuwa amevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni visije vikaonja matope. Kila alipopokea pakiti ya njugu aliimwaga kikapuni, akaikunjua karatasi yake, akailainisha juu ya goti na kuiweka juu ya nyingine. Kutafuna hakutafuna hata moja.

"Karatasi ni za kampuni," akajibu bila kuinua macho, "lakini njugu ni zangu. Gani inakuuma?"

"Zote zinaniuma! Nimetoka Kericho juu ya lori la mbao kwa sababu ya hizo karatasi. Nitaita askari!"

"Mwite. Ila mwambie aje na kikapu kingine, hiki kimejaa."

Wanawake wa ndizi wakacheka. Nyanchoka akacheka kuwashinda, maana tangu aanze biashara hajawahi kumaliza njugu kabla umande haujakauka.

"Bwana karani," akasema, "huyu hanunui njugu. Ananunua karatasi. Mimi niliziokota nyuma ya ofisi ya shamba, zimetupwa kwenye mvua."

Msichana akasimama, akapangusa goti. "Wewe ndiwe Alfayo wa Kericho?"

"Ndimi. Wewe ni nani?"

"Karani wa Sotik. Yule uliyetumwa kukutana naye."

Njia nzima Alfayo alikuwa amejiandalia karani mwenye masharubu. "Mimi," akasema, na sauti ikamtoroka, "niliambiwa nitakuta mtu."

"Na umekuta nini, mbuzi?"

Soko zima likamcheka. Hivyo ndivyo Alfayo Owino alivyofahamiana na Nyatichi, binti wa Kisii aliyesomea misheni, aliyefanya ukarani katika zahanati kabla ya kuazimwa na shamba la Sotik.

Kilichowakutanisha hakikuwa cha kuchekesha. Ulikuwa mwaka ambao bei ya chai ilikuwa imelala chali, na watu walikuwa wakifutwa kazi kama vumbi mezani. Mashamba mawili, la Kericho na la Sotik, yaliangukia mkononi mwa tajiri mmoja. Ofisi kubwa ya Nairobi ikaleta neno: karatasi za zamani, za vibarua waliokuja na waliohama, waliozaa kambini na waliozikwa huko, zitapewa chumba kimoja pale Kericho. Lakini kwanza ofisi zote mbili zizieleze kwa namna moja, mtu wa huku akisikia kibandiko cha sanduku la kule aelewe bila kuuliza. Mkaguzi angekuja mvua ndefu zikiisha. Akikuta kila ofisi ina namna yake, basi kuni za kiwandani zilikuwa ghali, na tanuru la kukaushia chai halichagui chakula.

Alfayo aliliogopa tanuru lile kuliko jehanamu. Jehanamu hajaiona, lakini tanuru alilisikia kila siku likinguruma nyuma ya ofisi yake. Na katika masanduku ya Sotik lilikuwamo la baba yake.

Walianza siku hiyohiyo, katika ofisi ya Sotik, kikapu cha njugu kikiwa katikati.

"Hapa umeandika, 'Sanduku jekundu, mambo mchanganyiko,'" Nyatichi alisema. "Rangi ikitoka je?"

"Nitalipaka tena."

"Na mambo mchanganyiko ni mambo gani?"

"Ni yale yaliyochanganyika."

"Mungu wangu. Kwenu mtu akialikwa chakula anaambiwa kuna mambo mchanganyiko?"

"Kwetu anaambiwa kuna samaki. Wewe nawe umeandika, 'Za Nyamwange, nyumba ya Gesare.' Gesare ametoka wapi tena?"

"Ni mama yake. Hapa walipita makarani wawili wa jina hilo, huyu na mwingine wa nyumba nyingine." Nyatichi akasogeza njugu upande, akazipanga mafungu mezani. "Sikiliza, Jaluo. Kwetu mzee akiwa na wake wanne, kila mke ana ghala lake. Wimbi wa nyumba hii hauingii ghala la nyumba ile, hata njaa ikija. Ukichanganya umeleta vita. Basi karatasi nazo zina nyumba. Zikae na yule aliyezizaa, kwa mpango wake aliouacha. Usichukue za huyu ukalaze na za yule kwa sababu eti masanduku yamefanana rangi."

Alfayo alitaka kubisha. Alifungua mdomo, akautia njugu.

Kufikia jioni walikuwa na kanuni zao. Kwanza litajwe jina kamili la aliyezitengeneza karatasi, pamoja na kwao. Kisha miaka, tangu lini hadi lini. Kisha ni mafungu mangapi. Mwisho zinahusu nini, kwa maneno ya mtu mzima. Alfayo mwenyewe, akitaka kuonekana, akaongeza moja: kila kibandiko kisomwe kwa sauti na karani aliyekiandika, na mwenziwe wa upande wa pili akielewa papo hapo, kimepita. Kisichosomwa hakijapita. Shimo hilo alilichimba kwa mkono wake, na jembe lilikuwa lake.

Alfayo akarudi Kericho, na kazi ikaendelea kwa simu, ile ya ukutani ya kuzungusha mkono. Laini ilikuwa moja kwa ofisi zote za njia ile, na Osoro, karani wa maziwa pale Kaplong, alikuwa na tabia ya kuinua kipokezi akisikia kengele, hata isipokuwa yake.

"Soma linalofuata, nyar Kisii," Alfayo akasema, yaani binti wa Kisii kwa Kijaluo.

"Mimi nina jina."

"Soma linalofuata, Nyatichi binti wa kanuni."

"Hapo sawa. 'Okello wa Nyakach, nyapara.' Okello! Si ndiye baba yako huyu? Okello ametuwekea nini? Mbona naona kamba tu?"

Alfayo akahisi masikio yanawaka. Baba yake alikuwa nyapara wa Sotik tangu watu wanalima kitani, kabla chai haijashika. Shule hakuijua. Kila asubuhi alifunga fundo moja kwa kila kibarua aliyefika, na kamba za mwaka mzima akazikunja fungu moja. "Ni za hesabu ya watu," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee hajui kuandika. Andika takataka, tuendelee."

"Siandiki takataka. Naandika hivi: 'Okello wa Nyakach, nyapara. Tangu enzi za kitani hadi chai. Kamba za mafundo, mafungu saba. Mahudhurio ya vibarua.' Umeelewa bila kuuliza?"

"Watamcheka, Nyatichi."

"Nani? Mimi sijacheka. Osoro, wewe umecheka?"

"Mimi hata sipo hapa," ikajibu sauti ya Osoro.

Alfayo alicheka mpaka karani mkuu wake, Bwana Ratemo, akachungulia mlangoni. Tangu siku hiyo simu ya Sotik ikilia, moyo wake ulitangulia kuipokea.

"Umekula?" angeuliza Nyatichi kabla ya masanduku.

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haina mchuzi. Kale ugali."

"Wa Kisii au wa kwetu?"

"Wa popote, bora uwe na nguvu za kunyanyua masanduku yako mekundu."

Siku moja ya soko walikutana Kiptere, kila mmoja akisema kapita tu. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikimwagika juu ya vichaka vya chai, na mahindi ya kuchomwa yakinukia kila upande. Alfayo akamnunulia kitambaa cha kichwa, cha manjano, chenye maua mekundu. Nyatichi akakifunga papo hapo, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Nafanana na nani?"

"Na mtu ambaye sitaki akae mbali na mimi."

"Maneno ya karani hayo. Yana muhuri?"

"Nyatichi, mimi siku sikusikii, nafungua sanduku nalifunga tena, sijui nimeona nini ndani."

Aliyasema mengi, yote matamu. Lile moja lenye kazi hakulisema. Lilifika kwenye meno likarudi. Aliwaza: mkaguzi akija akakataa, kesho sina kazi, nimwoe kwa nini? Tena binti wa misheni, mwenye mwandiko kama wa kitabu, akubali kupelekwa kwa mzee wa kamba? Mtu anayengoja kufutwa kazi huwa hivyo. Hata mlango ukiwa wazi, anaangalia kwanza kama kuna atakayemtoa.

Nyatichi alimtazama akila yale maneno. Akasema tu, "Haya, nimesikia," akatabasamu, akapanda gari la ng'ombe la kurudi Sotik. Njiani aliamua jambo moja, na hakumwambia mtu.

Siku ya mkaguzi ikakaribia. Wakakubaliana kusoma vibandiko vyote mara ya mwisho kwa simu. Siku hiyo hakuna aliyetania. Pale Kericho wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wamefagia sehemu mbele ya tanuru, pana, ya kutosha masanduku.

"Linalofuata," Alfayo akasema.

Kimya.

"Nyatichi? Laini imekatika?"

"Haijakatika."

"Soma basi. Linalofuata ni la mafungu saba."

"Hilo tulipite. Ni lile la... la yule mzee wa kule."

"Wa kule wapi? Ana jina! Umeliandika wewe mwenyewe."

"Kuandika nimeandika, Owino. Kulitamka siwezi."

Alfayo akabana kipokezi kana kwamba kitamponyoka. Lile alilolihofia tangu mwanzo sasa lilikuwa limekuja, tena kwa sauti aliyoipenda. "Huwezi? Mbona juzi ulikuwa unalitaja kama mtu anayeita kuku? Au sasa mdomo wa misheni umegundua kwamba mwenyewe ni mtu wa kamba?"

"Owino, nisikilize..."

"Kanuni ni nini? Kisichosomwa hakijapita! Unataka la baba yangu ndilo liende motoni?"

"Nakuomba ufikiri kidogo. Kidogo tu. Wewe umezaliwa nyumbani, hukuzaliwa ofisini."

"Nimefikiri. Kumbe na kitambaa ulikichukua kwa huruma."

Akakata simu.

Upande wa Sotik, Nyatichi alibaki ameshika kipokezi, kiganja kimeziba mdomo.

"Dada," sauti ya Osoro ikasema polepole.

"Osoro, wewe si hupo?"

"Sipo. Lakini hata mimi nisiyekuwepo nimeelewa."

Siku zilizofuata simu ya Kericho ililia, na Alfayo akaiangalia ikilia. Hakula vizuri. King'ora cha kiwanda kikipiga aliruka kitini. Wengine walisema mkaguzi keshapita mashamba mengine na kuacha majivu. Wengine walisema makarani wote watapunguzwa hata karatasi zikipona. Bwana Ratemo akamwambia, "Kijana, umekonda kuliko hizo kamba za baba yako," na utani huo ulimchoma kuliko Ratemo alivyokusudia.

Mkaguzi akafika. Alikuwa mzungu mwembamba mwenye makoti mawili, moja juu ya jingine, kwa baridi ya Kericho. Alikaa kwenye meza ya ofisi, akasema, "Soma. Upesi." Ratemo akasimama kando yake.

Masanduku ya Sotik yalikuja kwa lori la maziwa, na Osoro juu yake, akishikilia turubai lisipeperuke. Nyatichi akashuka. Alivaa gauni lile la samawati. Kichwani alifunga kitambaa cha manjano. Alfayo alikiona, akaangalia pembeni.

Kwenye baraza alikuwapo Mzee Okello mwenyewe, ndani ya koti refu la kijeshi lililomzidi mabega. Alikuwa amesikia kwamba huenda kamba zake zitachomwa, akaja kuziomba. Nyatichi alipomwona, uso uleule wa Alfayo, alisimama ghafla. Akashusha kitambaa mpaka kwenye nyusi, akageuza bega, akapita upande wa mvua badala ya kupita mbele yake.

*Hata salamu hampi,* Alfayo akajiambia.

Kusoma kukaanza. Alfayo alisoma masanduku ya Kericho, Nyatichi akaeleza kilichomo bila kufungua. Nyatichi akasoma ya Sotik, Alfayo akaeleza. Mkaguzi alifungua hapa na pale kupima, akakuta kama walivyosema. "Mzuri," akasema. "Mzuri." Ratemo akaanza kupumua. Likabaki moja.

Nyatichi akakiangalia kibandiko. Akakifunika kwa kiganja.

"Soma, binti," Ratemo akasema.

Nje, tanuru lilinguruma.

"Binti, ukiruka moja yote yameanguka. Kanuni ni yenu wenyewe."

"Naijua, Bwana Ratemo. Nisamehe. Siwezi."

Mkaguzi akatoa saa mfukoni. Alfayo akasogea karibu, akanong'ona kwa meno. "Nichukie mimi, Nyatichi. Lakini humu wamo wajane na watoto waliozaliwa kambini. Usiwachome wote kwa ajili ya jina moja."

"Nani amekwambia nakuchukia?" Machozi yalikuwa tayari kopeni. "Unataka niung'oe ulimi nikupe usome nao?"

"Kuna nini humo ndani?" Mzee Okello akauliza kutoka mlangoni. "Ni sanduku la nani linaloliza mtoto wa watu?"

"Ni lako, Mzee," Osoro akasema.

Mzee akaingia hatua moja. Papo hapo Nyatichi akarudi nyuma hatua moja, macho chini, bega limegeuzwa. Mzee akasimama. Akakiangalia kitambaa kilichoshushwa. Akaiangalia ile nafasi iliyoachwa kati yao. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichogeuka kikohozi.

"Alfayo!"

"Naam, baba."

"Dada yako Apiyo, baba wa mume wake anamwita nani?"

"Hamwiti, baba. Mke hawezi kulitaja jina la baba mk..."

Mdomo wake ukabaki wazi. Jambo lenyewe alilijua tangu ananyonya. Alimwona Apiyo akizunguka nyumba nzima ili asilitamke jina la mzee mmoja. Lakini kanuni zilikuwa zimemjaa kichwani, na hofu ikamalizia nafasi iliyobaki.

"Kwetu Kisii ni hivyohivyo," Osoro akasema akiwa juu ya ngazi za baraza. "Mimi nilielewa tangu kwenye simu. Ila sikuwepo."

Ratemo, Mkisii mwenyewe, akajikohoza kwenye ngumi kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Kisha akamwinamia mkaguzi, akamweleza kwamba kwa watu wa sehemu hizi kuna majina ambayo heshima huyafunga, na kwamba mpango mzuri wa karatasi hauwezi kuwashinda wenye karatasi. Akapendekeza waongeze kanuni: msomaji akizuiwa na heshima, mwingine asome badala yake, na sababu ielezwe waziwazi.

"Mzuri," mkaguzi akasema. "Nani soma?"

Mzee Okello hakuwa na haja ya kusoma. Akavua kofia, akasimama kama asubuhi za zamani akiita watu kazini, akapaza sauti mpaka vibarua waliokuwa nje wakageuka:

"Okello wa Nyakach! Nyapara!"

"Tangu enzi za kitani hadi chai," Alfayo akapokea, na sauti ikamkatika. "Kamba za mafundo, mafungu saba. Mahudhurio ya vibarua."

Mkaguzi akafungua. Akainua kamba moja, akapitisha kidole juu ya mafundo, moja baada ya jingine, taratibu. Akairudisha na kufunga kifuniko mwenyewe. Tanuru likala kuni siku ile, kama siku zote.

Alfayo akamkuta Nyatichi kwenye baraza, amempa mgongo mzee na uso kauelekeza kwenye mvua ya milima ya upande wa Kiptere iliyokuwa ikija mbio.

"Nisamehe."

"Unasamehewa kwa lipi kwanza? La njugu au la simu?"

"Yote. Lakini, moyo wangu, ungeniambia!"

"Nilikuambia ufikiri."

"Nifikirie nini? Mimi sijakuposa! Kiptere pale sikusema neno la ndoa hata moja. Mtu anaanzaje kumheshimu baba mkwe kabla hajaulizwa? Mpango ni kuuliza kwanza, ndipo jibu lije. Hata Bwana Ratemo atakuambia!"

"Msinitie mimi," Ratemo akasema kutoka dirishani.

"Osoro, si kweli?"

"Mimi sipo."

"Baba, basi wewe sema! Kuna mwanamke anayejibu kabla ya swali?"

Mzee Okello akaanza kuvaa kofia yake, polepole sana, kama mtu ambaye hajasikia.

Nyatichi akakaza fundo la kitambaa cha manjano chini ya kidevu.

"Jibu nilikupa, Owino, ukalikatia simu. Sasa uliza, mvua imefika."